Jinsi ya Kuchagua Mada ya Insha ya Fasihi Tafsiri

Kila semesta inapoanza, maswali yanayonifikia ni yale yale. Mwalimu, niandike juu ya kitabu gani? Mwalimu, mada hii inatosha? Mwalimu, naomba unipe mada yoyote tu. Wanaouliza ni wanafunzi wa Kiswahili na fasihi walioko Makerere, Kyambogo, Gulu, Mukono na kwingineko. Wengi wao watakuwa walimu, maana Kiswahili sasa ni somo la lazima katika sekondari za chini na Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali mwaka 2022 kutekeleza uamuzi wa kukifanya lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yeyote atakayesimama mbele ya darasa kufundisha kitabu kilichotafsiriwa anapaswa kujua kukisoma kama tafsiri. Ndiyo sababu naliona jambo hili kuwa zito kuliko alama za kozi moja.

Nitangulize ninachokiamini. Mada nzuri ya fasihi tafsiri, yaani fasihi iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine, haitungwi kichwani. Inapatikana kwenye kurasa mbili zilizofunguliwa sambamba, moja ya asilia na moja ya tafsiri, pale ambapo mfasiri alilazimika kuamua jambo. Hatua zote zilizo hapa chini zinakupeleka kwenye hizo kurasa mbili.

Mwongozo huu ni wa insha ya kozi ya kurasa tano hadi kumi. Tasnifu ina taratibu zake.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Karatasi ya swali uliyopewa na mhadhiri, siyo maelezo ya kusimuliwa na mwenzako wa hosteli.
- Kitabu cha tafsiri na kitabu asilia. Ukikosa kitabu kizima, fotokopi ya sura mbili tatu kutoka pande zote mbili inatosha kuanzia.
- Kamusi ya Kiswahili Sanifu, pamoja na kamusi ya lugha mbili.
- Daftari na kalamu za rangi mbili.
- Saa mbili au tatu za utulivu. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha haufai kabisa kwa kazi hii.
- Lugha ya kwenu. Luganda, Kiacholi, Lusoga, Ateso, Runyankole, yoyote uliyokulia. Wanafunzi wengi wanaiacha mlangoni wanapoingia darasa la Kiswahili, na hapo wanajinyima kifaa ambacho mwenzao wa Dar es Salaam hana. Nitakirudia hiki baadaye.

Nadharia hazimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Wananadharia wa tafsiri kama Nida, Venuti na wenzao utawahitaji baadaye, ukishakuwa na swali. Mwanafunzi anayeanza na nadharia huishia kuieleza kurasa nne, kisha anakitaja kitabu kwenye aya moja ya mwisho.

Hatua ya 1: Isome upya karatasi ya swali

Tafuta mambo matatu: idadi ya maneno, kama ni lazima ulinganishe na asilia, na kama umeruhusiwa kuchagua kitabu mwenyewe. Andika majibu juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Insha ya maneno 2,000 inabeba mifano mitano au sita iliyochambuliwa vizuri, haizidi hapo. Kwa hiyo swali lako nalo liwe la ukubwa huo.

Hatua ya 2: Pata vitabu kwanza, mada baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu anachagua mada Jumatatu, anakwenda maktaba Alhamisi, anaambiwa tafsiri ipo lakini asilia haipo, au nakala ni moja na imeazimwa. Anza na kilichopo. Tafsiri nyingi za Kiswahili za miaka ya 1960 na 1970 ni vigumu kuzikuta dukani leo, lakini maktaba za vyuo na makabati ya walimu wa Kiswahili bado yanazo. Uliza kwa jina la mfasiri pia, siyo la mwandishi peke yake.

Hizi ni jozi ambazo mwanafunzi wa Uganda anaweza kuzitafuta:

- *Animal Farm* ya George Orwell (1945) na *Shamba la Wanyama* ya Fortunatus Kawegere (1967).
- *Song of Lawino* ya Okot p'Bitek (1966) na *Wimbo wa Lawino* ya Paul Sozigwa (1975). Hii nitaizungumzia peke yake.
- *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe (1958) na *Shujaa Okonkwo* ya Clement Ndulute (1973).
- *The Merchant of Venice* ya Shakespeare na *Mabepari wa Venisi* ya Julius Nyerere (1969). Nyerere alitafsiri pia *Julius Caesar*: toleo la kwanza lilitoka 1963, na lililorekebishwa, *Juliasi Kaizari*, 1969.
- *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah (1994) na *Peponi* ya Ida Hadjivayanis (2022). Hapa mandhari ya riwaya ni pwani ya Waswahili na bara yake, ila lugha iliyoandikwa ni Kiingereza. Tafsiri inairudisha hadithi kwa watu wake, na maswali yanajaa.

Usisahau upande wa pili, Kiswahili kwenda Kiingereza. *Utendi wa Mwana Kupona* ulifasiriwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934, na mashairi ya Kezilahabi yalifasiriwa na Annmarie Drury katika *Stray Truths* (2015).

*Onyo:* kitabu chenye historia ya kuvutia si lazima kikupe mada. Riwaya ya Moses Isegawa, Mganda aliyehamia Uholanzi, ilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1998 kabla ya kutoka kwa Kiingereza alichokiandikia. Ni jambo la kushangaza, tafsiri kuutangulia ulimwenguni mswada wake. Lakini kama husomi Kiholanzi, utalinganisha nini na nini? Liweke akilini, uchague kitabu unachoweza kukisoma pande zote mbili.

Hatua ya 3: Soma ukurasa ambao hakuna anayeusoma

Fungua ukurasa wa hakimiliki na dibaji. Andika jina la mfasiri, mwaka, mchapishaji, toleo, na hasa lugha aliyotafsiri kutoka kwayo. Jambo hili limeziharibu insha nyingi. Riwaya ya Ngũgĩ *Caitaani Mutharaba-ini* iliandikwa kwa Kigikuyu na kuchapishwa 1980. *Devil on the Cross* (1982) ni tafsiri ya mwandishi mwenyewe, na *Shetani Msalabani* ni tafsiri pia. Mwanafunzi akiweka Kiingereza na Kiswahili sambamba kisha akaandika kwamba "Kiswahili kimepunguza maana ya asilia", hajaigusa asilia. Amelinganisha tafsiri mbili. Inaruhusiwa kabisa kulinganisha tafsiri mbili, lakini sema kwamba ndicho unachofanya.

Hatua ya 4: Weka kipande kifupi sambamba

Chukua ukurasa mmoja au miwili tu. Gawa daftari safu tatu: asilia, tafsiri, na "nimeona nini". Nakili kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono. Jicho linaruka maneno ambayo mkono hauruki.

Tufanye mfano na kitabu ambacho wengi mmekisoma kwa Kiingereza tangu sekondari, *Animal Farm*. Katika sura ya 2 wanyama wanaandika amri saba ukutani. Katika sura ya 6 nguruwe wanahamia ndani ya nyumba na kulala vitandani, na amri ya nne ikisomwa tena imeongezewa maneno mawili mwishoni. Katika sura ya 8 amri ya kuua na amri ya pombe nazo zinaongezewa mkia. Ujanja wote wa Orwell uko kwenye hilo: sentensi ya kwanza inabaki ilivyo, neno kwa neno, na mkia mdogo unaigeuza sheria nzima.

Kwa Kiswahili cha kawaida inawezekana kabisa. "Mnyama asilale kitandani" inaongezwa "penye mashuka". "Mnyama asinywe pombe" inaongezwa "kupita kiasi". "Mnyama asiue mnyama mwenzake" inaongezwa "bila sababu". Kiswahili kinauruhusu mkia ukae mwishoni vizuri tu. Sasa fungua *Shamba la Wanyama* uangalie jambo moja: je, sentensi ya sura ya 2 ndiyo ile ile iliyoko sura ya 6 na ya 8, neno kwa neno, kabla ya mkia? Au mfasiri alipofika sura ya 6 aliitafsiri upya, pengine "asilale" ikawa "hataruhusiwa kulala"? Kama maneno ni yale yale, msomaji wa Kiswahili anashtuka pale pale anaposhtuka farasi Clover, asiyekumbuka kama amri iliwahi kutaja mashuka. Kama maneno yamebadilika mahali pengine, mtego umelegea, kwa sababu msomaji hajui tena kipi kimebadilishwa na nguruwe na kipi na mfasiri.

Umeona? Hatujasema tafsiri ni nzuri au mbaya. Hatujataja nadharia. Tuna sentensi chache za kulinganisha, na tayari kuna insha hapo.

Hatua ya 5: Jua pa kuchimba

Usilinganishe kila mstari wa kitabu, utachoka kabla ya sura ya pili. Nenda moja kwa moja mahali ambapo mfasiri hawezi kupita bila kuamua: methali na misemo, majina ya wahusika, utani, matusi, nyimbo, vyakula, viapo, maneno ya dini, lugha ya mhusika asiyesoma, na maneno ya lugha ya tatu yaliyopachikwa ndani ya asilia.

Namna watu wanavyoitana ni mgodi ambao haujachimbwa. Kiingereza kinasema "you" kwa mtoto, kwa mfalme na kwa mbuzi. Mfasiri wa Kiswahili akikuta kijana anamsalimu mzee asubuhi, lazima aamue: aandike shikamoo au asiandike? Akiandika, amewaweka wahusika katika heshima ya kwetu. Asipoandika, kijana anaonekana hana adabu. Wewe uliyekulia kwenye Luganda, unayejua uzito wa *ssebo* (bwana) na *nnyabo* (bibi), utaziona nafasi hizi haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 6: Geuza ulichokiona kiwe swali

Mada ambayo haigeuki kuwa swali bado haijawa mada. Tumia umbo hili ukihitaji pa kuanzia: *mfasiri fulani amefanya nini na kitu fulani, katika sehemu gani, na msomaji wa Kiswahili anapata au anakosa nini?*

Tazama mwanafunzi anavyoweza kushuka kutoka juu:

"Tafsiri za Shakespeare katika Kiswahili." Hii ni kozi nzima.

"Tafsiri za Nyerere." Bado ni kitabu.

"Siasa katika *Mabepari wa Venisi*." Inakaribia, lakini siasa ipi, na wapi?

"Kwa nini *merchant* mmoja wa Kiingereza amekuwa *mabepari* wengi?" Hapa pana swali. Tafsiri ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na "bepari" wakati ule lilikuwa neno la majukwaani. Ila kichwa cha tamthilia kimeshaandikwa na wengi, na ukiishia hapo utarudia walichosema. Teremka hatua moja zaidi.

"Ndani ya tamthilia yenyewe, neno *bepari* na jamaa zake linamhusu nani: Shylock mkopeshaji peke yake, au na Antonio, ambaye ndiye mfanyabiashara wa kichwa cha Kiingereza?" Sasa una kazi. Soma onyesho la mahakama na onyesho la kukopeshana fedha, weka alama kila neno la biashara linapotokea, na uone linaegemea upande gani. Jibu lolote utakalopata linaandikika, hata likiwa kwamba neno lipo jaladani lakini ndani halionekani sana.

*Onyo:* usiandike jibu kabla ya kuhesabu. Nimesoma insha zinazotangaza kwenye utangulizi kwamba mfasiri "amepotosha", kisha mifano inaonyesha kinyume, na mwandishi anaipita mifano yake mwenyewe bila kuitazama.

Kuhusu Lawino, kwa kuwa mnaniuliza sana

Hiki ndicho kitabu ninachokipendekeza kwa mwanafunzi wa Uganda mwenye subira. Okot p'Bitek aliutunga utenzi wake kwa Kiacholi, ukatoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1966, na *Wer pa Lawino* yenyewe ikachapishwa 1969. Mwanzoni mwa toleo la Kiingereza Okot anatangaza kwamba kwa kutafsiri amelipunguza tai mbawa na kuufanya butu upanga wa shujaa. Mwandishi anailaumu tafsiri yake mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza! Taban lo Liyong naye akaja kuifasiri upya kutoka Kiacholi, *The Defence of Lawino*, iliyochapishwa Kampala na Fountain mwaka 2001. Profesa Abasi Kiyimba akaitoa kwa Luganda, *Omulanga gwa Lawino*. Na Kiswahili cha Sozigwa kipo.

Kama wewe ni Mwacholi, una matini tatu au nne na unaweza kuzisoma zote. Chukua methali moja, ile ya boga la kwenye uwanja wa zamani ambalo halipaswi kung'olewa. Inarudi mara kwa mara kwenye shairi na ndiyo moyo wake. Itafute kila inapojitokeza katika Kiacholi, kwa Okot wa Kiingereza, kwa Taban, na kwa Sozigwa. Je, inarudi kwa maneno yale yale, au kila mara inavaa nguo nyingine? Insha ya namna hii mhadhiri ataisoma mpaka mwisho, kwa sababu ni wachache wanaoweza kuiandika.

Kama kwenu ni Luganda, linganisha Kiyimba na Sozigwa. Luganda na Kiswahili ni ndugu wenye ngeli za majina, Kiacholi hakimo katika ukoo huo. Matusi ya Lawino kwa Clementina, mpenzi wa mumewe, yanasikikaje katika lugha hizi mbili?

Hatua ya 7: Ijaribu mada kabla ya kuipeleka

Jiulize haya. Je, ninayo mifano mitano iliyonakiliwa tayari, yenye namba za kurasa? Je, mtu mwenye akili timamu anaweza kupingana na jibu langu? Je, nikimwondoa mfasiri, insha inabaki ile ile?

Hilo la mwisho ndilo kipimo changu kikubwa. "Nafasi ya mwanamke katika *Shetani Msalabani*" ni mada ya fasihi, siyo ya fasihi tafsiri. Inaweza kuandikwa na mtu ambaye hata hajui kwamba kitabu kilitafsiriwa. "Maneno ya Wariinga yanavyobadilika kati ya matoleo mawili" ni fasihi tafsiri (Wariinga ndiye mhusika mkuu wa riwaya hiyo).

Hatua ya 8: Andika sentensi tatu, mpelekee mhadhiri

Sentensi ya kwanza itaje kitabu, mfasiri na miaka. Ya pili iwe swali lako. Ya tatu itaje sura au kurasa utakazotumia. Usimwandikie "naomba mada". Mwandikie "naomba maoni kuhusu mada hii". Mhadhiri mwenye rundo la wanafunzi hujibu haraka zaidi anapopewa kitu cha kukosoa.

Makosa yanayojirudia

Kuwinda makosa. Orodha ya mahali mfasiri "alipokosea" si insha. Ukiona kosa, uliza kama linajirudia na kama lina sababu.

"Umuhimu wa tafsiri katika jamii." Tafadhali, usiandike hii. Haina kitabu, haina ukurasa, haina mfasiri.

Kuipa programu ya tarakilishi sentensi za Kiingereza na kuichukua tafsiri yake kuwa kipimo cha usahihi wa mfasiri. Kipimo chako ni asilia, kamusi na sikio lako.

Kuchagua Biblia kwa sababu ipo nyumbani. Biblia ya Luganda ya 1896 na ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 zinaweza kutoa insha nzuri, ila wengi huanza na tafsiri na kumaliza na mahubiri. Ukiichagua, baki kwenye aya tano au sita na usitoke.

Ukikwama

*Asilia haipatikani.* Tafuta tafsiri mbili za kazi moja na uzilinganishe zenyewe. Au badili kitabu leo, wakati bado una muda.

*Sijui lugha ya asili.* Usiseme lolote kuhusu asilia. Mada yako iwe Kiswahili cha mfasiri kinavyofanya kazi, au tafsiri mbili zilizo katika lugha unazozijua.

*Nimelinganisha, naona kila kitu ni sawa tu.* Umechagua kipande cha masimulizi matupu. Hamia kwenye mazungumzo, ugomvi, wimbo au methali. Soma kwa sauti pande zote mbili, ukiwa na mwenzako mmoja anasoma asilia na wewe unasoma tafsiri.

*Mwenzangu amechukua kitabu hicho hicho.* Hakuna ubaya. Yeye ashike majina, wewe ushike methali. Gawaneni hata fotokopi.

*Mhadhiri amesema mada ni pana.* Punguza kitu kimoja kwa wakati: kwanza idadi ya vitabu ibaki kimoja, kisha sura, kisha aina ya maneno unayoyafuatilia. Usipunguze vyote kwa pamoja, utajikuta huna cha kusema.

*Nina mifano miwili tu.* Mada imekuwa nyembamba mno, au hujamaliza kusoma. Soma sura mbili zaidi ukitafuta kitu kile kile. Isipoongezeka, panua kidogo: kutoka "methali" kwenda "methali na misemo", kutoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa wawili.

*Nimepata mifano inayopinga jibu langu.* Iache ndani. Ipe aya yake, ueleze kwa nini mfasiri pale aliamua tofauti. Mara nyingi aya hiyo ndiyo mhadhiri anayoiwekea alama ya vema pembeni.

*Zimebaki siku mbili na sina chochote.* Chukua *Shamba la Wanyama*, fungua sura ya 2, 6 na 8, nakili amri zote kutoka pande mbili, kisha rudi kwenye hatua ya 4.